Kitenge kiko wapi?

Shangazi yangu anauza vitenge Busia, upande wetu wa Uganda, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wateja wake wa Jinja na Mbale walikuwa wameanza kuadimika kwa sababu ya nauli, akaniomba nimtengenezee video fupi ya kuwatumia kwenye WhatsApp wachague wakiwa kwao. Wakati huo nilikuwa na miezi minane tangu nianze kupiga video kwa malipo hapa Kampala: harusi mbili tatu, kwanjula moja (ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba), duka la viatu. Nilishaanza kujiita fundi. Nikapanda taksi, nikapiga siku nzima, nikahariri usiku kucha kwenye simu huku mbu wakinila, na asubuhi nikamkabidhi sekunde 30 zangu.

Kila nilichokijua kilikuwamo. Picha ilizunguka kama pia, mwanga ulimweka kila kitenge kilipobadilika, jina la duka lilianguka kutoka juu likatua kwa kishindo, na chini ya yote hayo muziki ulidunda mpaka spika ya simu ikawa inakoroma. Vipande 27 ndani ya sekunde 30. Nilikuja kuvihesabu baadaye, kwa aibu. Shangazi alivaa miwani yake, akatazama mpaka mwisho, akarudia mara ya pili, akanirudishia simu.

"Ni nzuri, mwanangu. Lakini kitenge kiko wapi?"

Nikamwonyesha: hiki hapa cha njano, hiki cha bluu, hiki chenye ndege.

"Hizo ni rangi zinapita," akasema. "Kitenge sijakiona."

Nilirudi Kampala nimenuna, kichwa nimekiegemeza dirishani. Ukishapita Iganga, unapokaribia Kakira, barabara inaingia katikati ya mashamba ya miwa. Miwa iliyo karibu na dirisha huioni hata ukikodoa macho, ni mstari wa kijani tu unaokimbia. Lakini nyumba iliyo mbali kule shambani unaiona vizuri, mpaka nguo zilizoanikwa unaweza kuzihesabu. Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi. Vitenge vyake nilikuwa nimevigeuza miwa ya kando ya barabara.

Safari ya pili sikutoa simu mfukoni kwa saa tatu za kwanza. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta nikawatazama wanunuzi. Na nikagundua kitu ambacho nimekiona tangu utotoni bila kukiangalia: mwanamke anayenunua kitenge hatumii macho kwanza, anatumia mkono. Anakishika ukingoni, pale palipochapwa maandishi, akayasoma. Anakunja pembe moja aone upande wa nyuma, kama rangi imepenya au imeishia juu juu. Anakisugua kwa kidole gumba. Anakifinyanga kwenye ngumi, anakiachia, anatazama mikunjo inavyofunguka. Ndipo anapokitupa begani na kuuliza, "Hizi ni yadi sita kamili?" Bei inakuja mwisho kabisa, na huo ugomvi ni hadithi nyingine.

Katika vipande vyangu 27 hakukuwa na hata tendo moja kati ya hayo. Nilikuwa nimepiga vitenge vikiwa vimepangwa kwenye rafu kama vitabu, kamera ikitembea mbele yake kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Tangu siku hiyo, kabla sijapiga kitu chochote cha kuuzwa, najiuliza mnunuzi angekuwa hapa mkono wake ungefanya nini. Huyo mama yuko Mbale, mkono wake haufiki Busia. Anautumia wangu.

Basi nikapiga hivyo. Mkono wa shangazi unakunja pembe. Gumba linasugua. Ngumi inafungwa, inafunguliwa. Kamera yenyewe haikwenda popote. Niliiweka juu ya debe na mfuko wa mchele wa kilo mbili kuiegemeza, maana stendi yangu ilikuwa imevunjika mguu, na nikajilazimisha kuhesabu kimoyomoyo moja mpaka kumi kabla sijagusa kitufe cha kusimamisha. Hii ya kuhesabu naomba mnisikilize, kwa sababu ni bure na hakuna anayeifanya. Watu wengi wanaanza kurekodi tendo likiwa limeshaanza na wanakata mara tu linapoisha, kama wanaogopa kumaliza nafasi kwenye simu. Ukija kuhariri huna pa kushika. Kipande kinahitaji mkia mbele na nyuma, sekunde mbili tatu za mkono kabla haujafika na baada ya kuondoka, ili uchague mwenyewe pa kuingilia na pa kutokea.

Na kamera kutulia si ushamba. Wale ndugu wawili Wafaransa, Lumière, waliowaonyesha watu wa Paris sinema kwa malipo tarehe 28 Desemba 1895, filamu zao hazikufika dakika moja. Utepe ulikuwa wa mita kama 17, ukiisha umeisha. Wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon, mlango unafunguliwa, wanawake, mbwa, baiskeli, basi. Kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, na vinavyotembea ni watu. Sisi leo tuna simu inayoweza kurekodi saa nzima, na mikono haitulii hata sekunde nne.

Mwanga wa pale dukani ulinitesa. Duka linatazama barabara, kwa hiyo ukimpiga shangazi kutoka ndani, nyuma yake kuna mlango mweupe wa jua na yeye anakuwa kivuli chenye sauti. Simu si mjinga, ila haijui unamtaka nani: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi zetu ndizo zinazolipa hiyo bei. Nilimgeuza tu, mimi nikawa na mlango mgongoni na yeye akautazama. Kisha nikagusa uso wake kwenye kioo, nikaendelea kushikilia kidole mpaka simu ikaonyesha imefunga mwangaza na fokasi. Usipofunga, kila lori linalopita mlangoni linabadilisha mwanga, simu inahangaika, na shangazi anakuwa mweusi, kisha mweupe, kisha mweusi tena, kama taa inayowashwa na kuzimwa.

Saa sita mchana sipigi mtu nje, hata anilipe mara mbili. Hapa kwetu karibu na mstari wa ikweta jua linasimama utosini, na macho ya watu yanakuwa mashimo mawili. Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, hapo ngozi inang'aa yenyewe. Lakini jioni usizubae. Jua letu linazama kuelekea saa moja, mwaka mzima, na giza haliji kwa adabu, linaanguka.

Kuhusu giza kuna kijana anayeuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, karibu na ninapoishi Kawempe, naye aliniomba video baada ya kuona ya shangazi. Wateja wake ni wa usiku, kwa hiyo nilipiga usiku, chini ya taa yake ya fimbo. Nikafika nyumbani nikakuta mistari myeusi inapanda juu ya picha yote, polepole, kama pazia linalopandishwa. Nilidhani simu imekufa. Kumbe ni umeme wetu: unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na taa za aina ile zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho haliyaoni hayo, kamera inayaona kama mwendo wake haupatani nayo. Simu yangu ilikuwa imewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, mpango wa nchi ambazo umeme wake ni wa 60. Nikaweka fremu 25, na kasi ya kufunga lenzi nikaiweka 1/50 kwenye programu ya kamera inayoruhusu, mistari ikatoweka. Miezi yote hiyo nafanya kazi hiyo na hakuna aliyekuwa ameniambia. Sasa nimekuambia wewe.

Kwa rolex, lakini, swali la mkono halikunisaidia sana. Mtu anayesubiri rolex hashiki kitu, ananusa tu. Na harufu huwezi kuipiga picha. Unachoweza kupiga ni mvuke, na mvuke nao una tabia yake: ukiumulika kutoka mbele hauonekani, ukiwa na taa nyuma yake na giza nyuma ya taa, unasimama kama moshi wa ubani. Nilihama upande wa pili wa sigiri, nikakaa karibu na mfereji, tope mpaka kwenye kandambili, ili balbu ya kibanda cha jirani iwe nyuma ya kikaango. Kijana akasema, "Dada, mbona unapiga upande mbaya?" Alipoiona akanyamaza. Kisha kuna sauti: uma unaopiga mayai ndani ya kikombe cha plastiki, kisu kinachokata kabichi nyembamba, na ule mlio wa yai linapogusa mafuta. Hapo sikuweka muziki hata kidogo.

Somo la sauti sikulipata kwenye mtandao. Nimekulia kwenye vibanda vya video vya Busia, benchi za mbao na mapazia ya gunia, ambako filamu ya kigeni inatafsiriwa na VJ akiizungumzia palepale juu ya sauti ya waigizaji. Wa kwetu alichanganya Kiganda na Kiswahili cha mpakani, na alikuwa na maneno mengi kuliko waigizaji wote wakiwekwa pamoja. Lakini alijua jambo moja. Mtu anapofungua mlango na sisi tunajua nyuma yake kuna adui, VJ alinyamaza. Kibanda kizima kiliinama mbele. Hata muuza karanga alisimama. Yule wa kibanda cha pili aliongea mpaka mwisho bila kupumua, na watoto tulikuwa tunapiga soga huku yeye akihangaika.

Kwa hiyo kwenye video ya vitenge nilitafuta pa kunyamaza. Shangazi akikata kitambaa cha pamba hatumii mkasi mpaka mwisho. Anakichana kidogo ukingoni, anashika pande mbili, anakipasua kwa nguvu moja, na kinakwenda mnyoofu kabisa. Kraaaa. Huo mlio ndio duka lenyewe. Nikiusikia nikiwa Kampala naweza kusema ni saa ngapi Busia. Maiki ya simu iliyo mita mbili mbali iliupata pamoja na honi, jenereta, na kondakta anayeita "Malaba, Malaba." Nikaazima simu ya binamu, nikaifungulia kinasa sauti, nikaificha chini ya kitambaa karibu na mkono wa shangazi, nikapiga kofi moja ili baadaye nioanishe sauti na picha mahali kofi linapotokea. Pia nikarekodi nusu dakika ya duka likiwa bila mtu kusema, huo mvumo wake wa kawaida, wa kutandika chini ya vipande vyote. Bila huo mvumo, kila unapokata sikio linasikia shimo, na mtazamaji anajua kuna kitu kimekatwa hata kama hajui ni nini.

Katika kuhariri nilifanya kosa moja ambalo lilimfanya binamu yangu acheke mpaka akalala chini. Nilikuwa nimepiga shangazi na mteja wakipatana bei: kwanza shangazi, nikiwa upande wa mlango, kisha nikazunguka kaunta nikampiga mteja. Nilipounganisha, wote wawili walikuwa wanatazama kulia. Ikawa kama wanamwuzia mtu wa tatu aliyejificha nje ya picha. Kati ya watu wawili wanaozungumza kuna mstari, chora kichwani kutoka pua hadi pua, na ukishachagua upande mmoja wa huo mstari usiuruke. Shangazi akitazama kulia, mteja atazame kushoto. Ilibidi nimbembeleze mteja mwingine asimame palepale, naye akataka punguzo.

Mahali pa kukata ni pale mkono unapoanza kwenda, si pale uliposimama. Mkono wa shangazi unaanza kushuka kuelekea kitambaa katika picha ya mbali. Kabla haujafika, ruka kwenye picha ya karibu ambamo vidole ndivyo vinatua. Jicho linafuata mkono, halipati nafasi ya kuona mshono. Nilipoanza kukata hivyo niliondoa karibu madoido yote ya CapCut, programu yangu ya kuhariri, niliyokuwa nikiyapenda, ya kuzunguka, ya kumweka, ya kupasuka kama kioo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunika mshono na sasa mshono haukuwapo. Pale shangazi alipozungumza na mimi nikakata salamu zake ndefu (shangazi akianza kusalimu anafika mpaka kwa ng'ombe), uso wake uliruka kidogo. Nikafunika huo mruko kwa kipande cha vidole vyake, sauti ikiendelea chini.

Kuna Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Kuleshov, mwanzoni mwa karne ya 20 alichukua uso uleule wa mwigizaji akauweka baada ya bakuli la supu, kisha baada ya jeneza, na watazamaji wakaona njaa hapa na majonzi pale. Nilidhani ni hadithi za darasani mpaka nilipokosea mpangilio. Uso wa shangazi akitazama kimya, nilipouweka baada ya kibao cha bei, akawa mwanamke mkali asiyepunguza hata shilingi. Nilipousogeza ukaja baada ya mtoto wa mteja anayejifunika kitenge kichwani, akawa bibi wa kila mtu. Ni uso uleule, sekunde mbili zilezile. Nadhani alikuwa anawaza kama jiko amezima. Nikaacha wa pili.

Mengine ni madogo na nitayapita haraka. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu simu zetu zinakaa kwenye mifuko yenye jasho na mafuta ya chapati, na ule ukungu unaouona kuzunguka taa si mtindo. Usivute picha kwa vidole viwili, sogea wewe. Maandishi usiyaweke chini kabisa, TikTok inaweka ya kwake hapohapo na upande wa kulia pia. Yakae muda wa mtu kuyasoma mara mbili kwa sauti, maana wengi wanatazama ndani ya taksi bila sauti na jua likipiga kioo. Ukimtumia mteja kazi iliyokamilika kwa WhatsApp, itume kama faili, la sivyo inabanwa na kitenge kinakuwa uji.

Na nembo mwanzoni, jamani. Niliwahi kufanya kazi na mwenye duka mmoja hapa mjini aliyetaka nembo yake izunguke sekunde sita kabla ya chochote. Sekunde sita! Nikamwambia mtu anayepitisha kidole hana hata mbili. Akasema yeye ndiye anayelipa. Kweli alilipa, nusu, na ile nusu nyingine nimeacha kuiulizia. Mimi naanza na mlio wa kitambaa kinachopasuka, picha ikiwa karibu kiasi kwamba kwa sekunde moja hujui ni nini. Jina la duka liko ubaoni nyuma ya shangazi, litaonekana lenyewe.

Video ya pili ilitoka na sekunde 41 na vipande tisa. Kile cha pembe inayokunjwa kinakaa sekunde sita nzima, urefu ambao zamani ungenitia hofu. Shangazi aliitazama bila miwani. Alipofika pale kwenye ngumi inayofunguka, alinyoosha kidole akagusa kioo, picha ikasimama, akanilaumu kwamba nimeiharibu.

Jioni ileile akaituma kwa wateja wake wote. Kesho yake saa mbili asubuhi simu ya kwanza ikaingia, mama mmoja wa Jinja. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda, nikijiandaa kusifiwa. Shangazi akasikiliza, akaniangalia, akajiangalia kifuani.

"Hapana, hicho hakiuzwi," akamwambia. "Hicho nimekivaa."

Alipiga mwingine wa Mbale saa nne, akiulizia hichohicho. Kufikia Ijumaa walikuwa watano. Nikarudi Busia Jumamosi na stendi mpya, nimpige akiwa amekivaa tena, kwa mwanga wa saa kumi na moja. Nikamkuta amesimama mlangoni, tayari, amependeza, amevaa kingine.